Rimu ya Harusini

Mume wangu hajawahi kuniinulia mkono. Mimi ndiye niliyempiga yeye, kwa rimu ya baiskeli, tena wakwe wakitungoja, na mpaka leo nikikutana na waendesha baiskeli wa mji wetu wa Kurume, Japani, wananiinamia kwa heshima huku wanabana vicheko. Wacheke tu. Mgongo ule ulistahili.

Ilikuwa siku ya harusi ya binti yetu. Wageni wameshakaa, sake imeshamiminwa, bibi harusi ameshalia na kupakwa poda upya, na baba yake haonekani. Nilimkuta nyuma ya ukumbi, kachuchumaa kando ya gari na suti yake nyeusi, shavu zima limechubuka kwa sababu siku chache kabla alikuwa amebwagwa mbioni. Mkononi ana rimu mpya. Alikuwa ameipitia dukani njiani. Ameitundika kidoleni kwa tundu la valvu, anaigonga kwa kifundo cha kidole cha kati, anafumba macho, anasikiliza. Anaizungusha kidogo, anagonga tena.

"Baba," nikamwita, maana tumeitana Baba na Mama tangu yule mtoto azaliwe, "watu wanakungoja."

"Nyamaza kidogo. Hii inasema kweli."

Inasema kweli! Nikampokonya, nikainyanyua kwa mikono miwili, nikamshushia nayo mgongoni. Akainuka, akaanza kukimbilia upande wa gari, sijui kujificha au kuiokoa rimu yake, nikamchapa ya pili. "Huko siko!" nikapiga kelele mpaka wapishi wakachungulia. "Binti yako yuko huku! Huko siko!" Ya tatu ikampata begani, akakunja mgongo, akageuka, akaingia ukumbini kwa adabu. Hakusema neno juu ya mgongo. Tulipokaa mbele ya watu wote aliniinamia sikioni, na huzuni yake ilikuwa ya kweli kabisa.

"Umeipinda, Mama. Ilikuwa na sauti nzuri."

Huyo ndiye Urakawa Kanji. Alizaliwa Omuta, mtoto wa mchimba makaa ya mawe aliyekuwa akipiga watoto kabla ya chakula na baada ya chakula. Aliponusurika kwa baba akaangukia kwa mwalimu wa baiskeli, aliyefundisha kwa pampu. Ukichelewa asubuhi, pampu. Tairi yako ikibanduka, pampu. Kanji alipofaulu kuwa mwendeshaji wa keirin alikuwa na makovu mengi kuliko waliostaafu, na bado hajaanguka hata mara moja.

Keirin si mchezo wa wapole. Watu tisa wanazunguka uwanja wa lami wenye kingo zilizoinuka, baiskeli hazina breki, na nyuma ya wavu umati umeweka pesa zake na unatukana. Waliotoka upande mmoja wa nchi wanaungana. Wa mbele ni kijana mwenye mapafu, anavunja upepo. Nyuma yake anakaa mlinzi, na kazi ya mlinzi ni kuhakikisha hakuna anayempita kijana wake. Anatumia bega, kiwiko, paja na kichwa. Kidogo kinaruhusiwa. Kikizidi, majaji wanakutoa. Mume wangu amekuwa mlinzi wa watu wa Kyushu maisha yake yote. Amevunja watu mbavu, na yeye amevunjwa mtulinga wa kushoto, mtulinga wa kulia, na wa kushoto tena. Nimemchomoa vipande vya lami makalioni kwa kibanio cha nyusi huku anasoma gazeti. Alikuwa mtu mkali, na kama hujawahi kumsikia akimgonga mwenzake kichwa kwa kichwa mbele yako huku wanaruka kwa mwendo wa pikipiki, usiniambie ukali ni nini.

Lakini kwa rimu alikuwa mkunga. Mwenye duka pale Kurume akimwona anakuja alikuwa anashusha pumzi na kutoa mzigo mzima. Kanji analaza kila rimu juu ya kioo cha meza, anaibonyeza huku na huku aone kama inacheza. Anazipima kwa kiganja, moja kushoto, moja kulia. Kisha anagonga na kusikiliza. Rimu nzuri, alisema, inaita sauti moja mzunguko mzima. Ikibadilika sauti mahali, hapo pana kasoro hata kama kiwanda hakijui. Anaweza kupitia mzigo wote na kuondoka na mbili, au bila hata moja, na asiombe radhi. Kijana wa mbele anapenda rimu nyepesi inayokimbia. Mlinzi anataka ngumu, maana anagongana akiwa ameegemea upande, na uzito wote wa watu wawili unakwenda kwenye duara lile jembamba la mbele. Kwa hiyo zile spoku alizifunga kwa waya mwembamba pale zinapopishana, akazichomelea kwa risasi, moja moja, ulimi umetoka nje.

Na utunzaji ndio ulionitia umaskini. Kila akirudi safari, kabla hata ya kunywa chai, alibandua tairi, akakwangua gundi ya zamani kwa kucha na mafuta mpaka madini yakang'aa. Halafu akachukua soksi zangu ndefu za nailoni. Ndiyo, zangu. Alikata kipande, akakipitisha polepole kuzunguka rimu, hasa pale kwenye matundu ya spoku, kwa sababu ufa ambao jicho halioni, nailoni inaunasa. Uzi mmoja ukinasa, basi. Na rimu iliyopata kishindo kikubwa haikungoja hata soksi. Aliiweka chini ya gurudumu la gari, akapita juu yake, akarudi nyuma, akapita tena, ili asije mtu akaiokota na kuinyoosha. "Iliyonyooshwa ni mwongo," alikuwa anasema. "Inasimama wima mbele yako, ndani imeshakata tamaa." Mimi nimekwenda misibani miguu mitupu mwezi wa kwanza, theluji inadondoka, kwa sababu ya sera hiyo.

Mwanafunzi wake, Tanamachi Naoya, aliwahi kutundika ukutani kwetu rimu aliyoanguka nayo akashinda, eti kumbukumbu. Kanji alimzaba kofi lililomkalisha kwenye ndoo ya maji. Kisha akaikanyaga ile kumbukumbu mpaka ikawa kama kizingiti.

Sasa sikilizeni. Rimu ya harusini hakuiua. Nilidhani ameitupa, kumbe kila jioni anakaa nayo kwenye banda la nyuma, anainyoosha nywele kwa nywele, akaifunga spoku kwa waya na risasi, ikawa gurudumu la mbele. Hakuwahi kulipanda. Alilitia tu kwenye begi kila safari, mwaka baada ya mwaka, kama wengine wanavyotia hirizi ya hekaluni. Wenzake waliliita "ile ya Mama." Siku moja nilimuuliza mbona hii haipiti chini ya gari.

"Haijaanguka," akanijibu bila kunitazama. "Imepigwa tu."

Nilimwona mjinga, na nilifurahi. Yote mawili.

Miaka ikaenda. Kanji akafika umri ambao wenzake wanauza nyama choma au wanacheza gofu. Katika kazi hiyo kila nusu mwaka wanapanga waendeshaji wote kwa pointi, na walio mkiani wanafutwa. Hakuna rufaa. Desemba ile jina la Kanji lilikuwa ukingoni kabisa, na mbio zilizobaki zilikuwa za Beppu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: akizimaliza zote, hata awe wa mwisho, amebaki. Akishindwa kufika mstari wa mwisho, au majaji wakimtoa, amefutwa na baiskeli anaitundika.

Yeye alitaka kubaki. Mimi nilitaka afutwe. Sifichi. Nilikwenda hekaluni, nikatupa sarafu, nikapiga makofi, nikaomba: afutwe, ila mifupa ibaki. Nilikuwa nimechoka kuruka simu ikilia. Nilitaka mume anayelala chali bila kuguna, tukae tu, tule machenza, miguu chini ya blanketi la meza yenye joto, anichoshe kwa maneno. Nilimwambia usoni asubuhi anaondoka.

"Ukifutwa nitapika maharage mekundu, yale ya sherehe."

"Pika tu," akasema, akipakia baiskeli. "Nitakula nikirudi kutoka mbio za Januari."

Wakishaingia kambini wananyang'anywa simu, wanafungiwa mpaka mbio ziishe, ili watu wa kamari wasiwafikie. Siku mbili za kwanza niliziona kwenye televisheni. Alifika wa mwisho, na siku ya pili wa mwisho tena, lakini alifika. Siku ya tatu, ya mbio yake ya kumalizia, sikuweza kukaa nyumbani. Nikapanda treni nikaenda Beppu.

Nilinunua bakuli la utumbo wa kuchemsha, nikasimama kwenye wavu karibu na mstari wa mwisho. Ubavuni kwangu kulikuwa na mzee mmoja mwenye penseli nyekundu sikioni na pumzi ya kitunguu.

"Urakawa!" alikuwa anafoka, na waendeshaji hata hawajatoka. "We babu, bado wamekuachia uhai? Kaoge maji moto ukalale!"

"Usimtukane," mwingine akadakia. "Daktari wa mifupa anasomesha watoto kwa yule."

Watu wakacheka. Nikamgeukia yule wa penseli. "We kitunguu, geuzia mdomo upande wa bahari."

"Ala! Mama, kwani umeweka pesa kwake?"

"Sijaweka hata yeni. Huyo babu unayemtukana ninalala naye."

Waliangua kicheko hadi yule mzee akavua kofia. Hapo ndipo kipaza sauti kikatangaza mabadiliko ya vifaa, maana mwendeshaji akibadilisha chochote lazima wacheza kamari waambiwe. Namba tatu, Tanamachi Naoya: gurudumu la mbele. Namba saba, Urakawa Kanji: gurudumu la mbele.

Nikakirudisha kipande cha utumbo bakulini. Mimi ndiye niliyefunga lile begi. Nilijua kuna nini ndani yake.

Yaliyotokea kambini nilisimuliwa na Naoya baadaye, pua yake ikiwa bado imevimba. Siku ya kwanza alikuwa ameharibu gurudumu moja la mbele, na jana yake watu wa Osaka walimbana kwenye kona wakamgonga lile la pili. Asubuhi akalinyoosha, likasimama vizuri. Kanji akapita na kipande chake cha soksi. Uzi ukanasa.

"Ni mkwaruzo tu, Mwalimu," Naoya akasema.

Kanji alilishika lile gurudumu akalipigiza kwenye nguzo ya zege ya karakana mpaka spoku zikaruka kama vijiti vya kulia wali. Naoya akamkamata ukosi. Alikuwa na haki, maana bila gurudumu hapandi, na ile ilikuwa mbio ya kumpandisha daraja. "Umeniua wewe mzee! Umeniua!" Kanji akampiga kichwa. Kile kile cha uwanjani, kifupi, bila kurudi nyuma. Pua ikafumuka damu. Naoya akiwa bado amechuchumaa sakafuni, akaona gurudumu limewekwa mbele yake. Lilikuwa la Kanji mwenyewe, zima, lililokaguliwa.

"Panda na hili."

"Na wewe je?"

"Nina ile ya Mama."

"Mwalimu, ile imenyooshwa."

"Haijaanguka. Imepigwa tu."

Nilimuuliza Naoya kama aliipitisha soksi. Akasema hakuna aliyemwona. Mtu aliyekagua kila rimu aliyowahi kuigusa, hakuikagua ile moja. Ninamjua. Aliogopa uzi usije ukanasa.

Wakatoka. Naoya jezi nyekundu, Kanji rangi ya chungwa nyuma yake, na katika lile kundi la Osaka, njano, ni Kiyotaki, jitu lenye mapaja kama magunia. Walizunguka taratibu nyuma ya mtangulizi anayewawekea mwendo, kila mmoja akimsoma mwenzake. Nilitazama gurudumu la mbele la mume wangu likizunguka, limenyooka, linang'aa, na nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, kijana wake na hekalu.

Kengele ikalia. Naoya akasimama kwenye pedali akaondoka, Kanji akamng'ang'ania nyuma. Uwanja mzima ukawa kelele. Upande wa pili Kiyotaki akaja juu ya ukingo, akashuka kwa uzito wote. Kanji akamngoja. Alitoka nusu upana wa mtu na bega lake likaingia mbavuni mwa yule jitu. Nililisikia. Kiyotaki akapepesuka kwenda juu, akarudi, akampiga Kanji kiwiko cha koo. Kanji akampa kichwa. Kofia ngumu kwa kofia ngumu, mara moja, mara ya pili, na kila pigo liliteremka kwa mikono, kwa usukani, mpaka kwenye rimu ile.

"Muue!" mzee wa kitunguu akapiga yowe, na ghafla alikuwa upande wetu. "Muue, babu!"

"Muue!" Na huyo alikuwa mimi.

Kona ya mwisho. Naoya yuko mbele, anakufa kwa pumzi. Kiyotaki akaja mara ya tatu, sasa na mwenzake akimsukuma nyuma. Kanji angeweza kukaa alipo. Kijana angepitwa, yeye angejiburuta mkiani mpaka mstarini, na jina lake lingebaki. Alijua hivyo kuliko mtu yeyote uwanjani. Akaegemea, akalala upande kabisa, akatia bega.

Kiyotaki alisimama. Yaani aligota, kasi ikamtoka. Naoya akapita peke yake. Na hapo, wakiingia kwenye ule unyoofu wa mwisho, mstari tayari unaonekana, rimu ya harusini ikakunjika.

Ilijikunja mara moja, kama kitambaa. Kanji akaruka juu ya usukani, akatua kwa uso na bega. Aliyekuwa nyuma akampanda mkono, akaruka naye. Wa tatu akawaparamia wote wawili. Lami ilitoa harufu ya ngozi. Mpira wa tairi ulikuwa unazunguka peke yake kama nyoka, na Kiyotaki, aliyeponea chupuchupu, alipita pembeni akitazama nyuma.

Naoya akavuka wa kwanza. Hakuna aliyemtazama.

Kanji akainuka. Sijui kwa nini wanainuka. Nguo imepasuka begani, na chini ya ngozi mtulinga umesimama kama kigingi cha hema. Damu inamtoka puani na sikioni. Akaishika baiskeli kwa mkono mzima, akaitupia begani, lile gurudumu la mbele likining'inia limekunjwa mara mbili. Kuna sheria: ukiangukia karibu na mstari, unaruhusiwa kuumaliza kwa miguu, mradi umebeba baiskeli yako. Hatua chache tu, na jina lake linabaki.

Lakini kichwa chake hakikuwepo. Macho yalikuwa wazi, hayatazami kitu. Kwenye majani ya ndani ya uwanja walikuwa wamesimama watu wa machela, wanampungia. Njoo mzee, njoo huku, taratibu. Na yeye, ambaye hajawahi kuwa mtiifu, akaanza kuwafuata kama mtoto. Mguu wa kwanza. Mguu wa pili. Akikanyaga majani, ametoka mbioni. Amefutwa.

Nimesimama kwenye wavu, na kila nilichokiomba kiko hatua mbili mbele yangu. Mifupa haijabaki mizima, lakini anapumua, anatembea. Atabebwa, ataletwa nyumbani, nitapika maharage mekundu. Hakuna anayehitaji kufanya lolote. Ninyamaze tu.

Umati ulikuwa umepigwa na bumbuwazi. Yule mzee wa kitunguu alikuwa amekamata wavu kwa vidole vyote, analia waziwazi, anasema kwa sauti ndogo, "Siyo huko, babu. Siyo huko." Nani angemsikia?

Kanji akainua mguu juu ya majani.

"HUKO SIKO!"

Sikuamua. Ilitoka tumboni ikanichana koo. "Huko siko, wewe mwanamume! Huku! Huko siko!"

Akakunja mgongo. Na mtulinga umesimama namna ile, na baiskeli begani, alikunja mgongo kama siku ile nyuma ya ukumbi, akingoja kipigo. Akarudisha mguu kwenye lami. Akageuka. Akaja, anayumba, gurudumu linamgonga magotini, akavuka mstari, akasimama mbele ya wavu akinitafuta kwa macho yasiyoona. Ndipo akaanguka.

Majaji walikaa kitambo kirefu na picha zao. Nilisimama pale na bakuli la utumbo uliopoa, sijui ninataka nini. Kisha kipaza sauti kikasema hakuna aliyefanya kosa. Namba saba amemaliza.

Hospitali walimfunga kifua chote. Jioni ile Naoya aliingia na pua yake, akapiga magoti sakafuni, akaweka paji la uso chini. Kanji akamwambia ainuke, anaziba njia ya muuguzi. Yule kijana alikuwa ameleta ile rimu. Wengine wangeitupa, lakini yeye alikuwa amefundishwa na Kanji, na alijua haiachwi ovyo.

Kanji aliitazama kwa muda. Machozi yakamlenga, yule mtu aliyetiwa nyuzi usoni bila ganzi mbele yangu akisimulia habari za uvuvi.

"Ilikuwa na sauti nzuri," akasema.

"Ilikuwa mwongo," nikamjibu. "Ulijua."

"Nilijua." Akaisukuma kwangu kwa mkono mzima. "Iue wewe, Mama. Mimi siwezi."

Nikateremka nayo mpaka kwenye maegesho. Nilimwomba dereva wa teksi aikanyage. Alinitazama usoni, akawasha gari bila kuuliza. Akapita mbele, akarudi nyuma, akapita tena. Niliokota kilichobaki nikakitia kwenye pipa, nikalia hapo kwenye pipa kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimemrudisha mwenyewe. Mbio za Januari zilikuwa zake tena, na kila mfupa utakaovunjika kuanzia hapo nimeuita kwa mdomo wangu.

Niliporudi chumbani alikuwa macho.

"Pale uwanjani," akasema, "nilisikia sauti."

"Kelele za walevi."

"Nilidhani tuko harusini. Nilidhani nimechelewa tena." Akajaribu kucheka, mbavu zikamkatalia. Kisha, kwa woga, kama mtu anayeomba kitu kilichokatazwa: "Ngoja bega lipone... itabidi nipite dukani. Za mbele zimekwisha zote."

Nikamtazama mjinga yule. Nikavuta pazia la kitanda, nikainama, nikavua soksi zangu za nailoni, ya kushoto na ya kulia, nikamtupia usoni. Nje theluji ilikuwa imeanza, na kituo cha treni kilikuwa mbali.

"Kagua zote," nikamwambia. "Hata nitakayokupiga nayo."